HAKATHONI YA TABIANCHI: WAJIBU WA MWENYE TATIZO

Neno "hakathoni" limekuwa likisikika maofisini na maskulini, na baadhi ya wananchi hudhani kuwa ni mashindano ya vijana wa kompyuta peke yao. Dhana hiyo si sahihi. Hakathoni ni mkusanyiko wa muda mfupi, aghalabu wa saa 24 hadi 48, ambamo watu wa fani mbali mbali hufanya kazi kwa vikundi ili kutafuta ufumbuzi wa tatizo lililoelezwa. Neno lenyewe lilianza kutumika mwaka 1999, watengenezaji wa programu ya OpenBSD walipokutana mjini Calgary, Kanada. Mwaka 2015 taasisi ya Ulaya iitwayo Climate-KIC ilianzisha Climathon, ambamo miji yenyewe ilitakiwa kutaja matatizo yake ya tabianchi ili yafanyiwe kazi.

Kwa utaratibu huo, mtu wa mwanzo katika hakathoni si fundi wa kompyuta, bali ni mwenye tatizo. Ofisi, skuli, kikundi cha wakulima au shehia huweza kupeleka tatizo lake. Likielezwa vibaya, vikundi vitakesha usiku kucha na kutoa kitu kisichomfaa mtu.

Mfano ulio karibu ni wa visima. Sehemu kubwa ya maji yanayotumika Unguja hutoka ardhini. Chini ya kisiwa, maji matamu huelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya mwambani, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Kwa kadirio la wataalamu, kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari huwa na mita 40 nyingine za maji matamu chini ya usawa huo. Kwa hiyo, maji yakivutwa kupita kiasi au mvua za masika zikipungua, hata usawa wa maji ukashuka kwa mita 1, chumvi nayo huweza kupanda polepole kwa mita 40. Mwenye kuteka maji huitambua chumvi ulimini, lakini wakati huo kisima kimekwisha kuharibika, na kurejea kwake huweza kuchukua miaka.

Ofisi ikiandika, "Tunataka programu ya simu ya kuhifadhi maji," itakuwa imetaja dawa kabla ya kueleza ugonjwa. Inafaa kuuliza hivi: "Vipi sheha na maofisa wa maji watajua, kabla ya watekaji kuonja chumvi, ni kisima kipi kinaanza kuharibika, kwa kipimo ambacho shehia inakimudu, na hata pasipo na mtandao wa simu wa uhakika?" Suala la namna hii linataja watu, mahali, wakati na mipaka, na linawaachia mafundi uhuru wa kubuni.

Maelezo ya tatizo yasizidi ukurasa mmoja, nayo yaeleze mambo yafuatayo:

(a) Ni nani anayeathirika, na kwa namna gani.

(b) Ni hatua gani zilizokwisha kujaribiwa, na kwa nini hazikufaulu.

(c) Ni takwimu zipi zilizopo. Katika mfano huu zitahitajika kumbukumbu za mvua, orodha ya visima, na vipimo vya namna maji yanavyopitisha umeme, kwani maji ya chumvi huupitisha vizuri zaidi. Zipo pia picha za Unguja na Pemba zilizopigwa kuanzia mwaka 2016 kwa ndege ndogo zisizo na rubani, katika kazi iliyosimamiwa na Kamisheni ya Ardhi. Majina na nambari za simu za wananchi yaondolewe kabla ya takwimu kutolewa.

(d) Ni ofisa gani atakayepokea matokeo.

Mwenye tatizo akikubaliwa, huwa ndiye mwenyeji wake. Hatakiwi kufungua shughuli kwa hotuba kisha akaondoka. Anapaswa kuwepo muda wote, au amweke mtu anayeijua kazi, kwani masuala ya vikundi hujitokeza usiku wa manane. Ni vyema pia awepo mtekaji maji au mkulima, maana yeye huweza kuonesha kwa neno moja kasoro ambayo mtaalamu hakuiona. Vigezo vya kutoa alama na haki ya kumiliki kazi itakayotoka viandikwe na kukubaliwa kabla ya kazi kuanza.

Inafaa ieleweke kwamba kinachopatikana kwa saa 48 ni kielelezo tu, si chombo kilichokamilika. Kinahitaji kujaribiwa masika na kiangazi, kurekebishwa na kutengewa fedha. Pasipo na ofisa wala fungu la bajeti la kukiendeleza, kielelezo hubakia kabatini, vijana huvunjika moyo, na kisima huendelea kuingia chumvi. Ofisi isiyoweza kuahidi hata miezi sita ya ufuatiliaji ni afadhali isubiri.

Watumishi wa Serikali na wananchi wanashauriwa waanze sasa kukusanya vipimo na kuandika matatizo ya maeneo yao kwa utaratibu ulioelezwa, bila ya kusubiri mwaliko. Kuuliza vizuri ni nusu ya elimu, na nusu hiyo iko mikononi mwa mwenye kisima.