Maji Yanayodondoka Ukutani: Kiyoyozi, Unyevu na Uniti za LUKU katika Viunga vya Dar es Salaam

Katika viunga vya Dar es Salaam, kuanzia Tegeta, Boko na Bunju upande wa Kinondoni hadi Mbagala, Chamazi na Toangoma upande wa Temeke, kuna swali linalorudi kila pepo za kaskazi zinapotawala, yaani kati ya Desemba na Machi: kwa nini chumba kilekile, chenye kiyoyozi kilekile kilichowekwa kwenye nyuzi 25 zilezile, humaliza uniti za LUKU kwa kasi kubwa zaidi mwezi Februari kuliko mwezi Julai, ilhali kipimajoto cha mchana huonyesha tofauti ya nyuzi tatu au nne tu kati ya miezi hiyo miwili? Jibu linalotolewa kwa haraka, kwamba jua la Februari ni kali, lina ukweli ndani yake, lakini linaacha nje sehemu kubwa ya hesabu, nayo ni sehemu inayoonekana kwa macho kila siku, ikidondoka tone kwa tone kutoka kwenye mrija mwembamba wa plastiki unaotokeza ukutani.

Swali hilo limepata uzito mpya tangu mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji ulipoanza kuzalisha umeme mapema mwaka 2024, kwa sababu mgawo wa umeme ulipopungua, wasiwasi wa kaya nyingi ulihama kutoka kwenye kukatika kwa umeme na kuangukia kwenye bei yake. Kwa viwango vilivyoidhinishwa mwaka 2016 na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, mteja wa nyumbani anayetumia kidogo, aliye katika kundi la D1, hulipa shilingi 100 kwa uniti ilimradi asivuke uniti 75 kwa mwezi, na mteja wa kundi la T1, la matumizi ya kawaida, hulipa shilingi 292. Ikiongezwa kodi ya VAT ya asilimia 18 pamoja na makato ya REA na EWURA, bei hizo hufikia shilingi 122 na takriban 356. Uniti 75 kwa mwezi ni uniti mbili na nusu kwa siku, na kiyoyozi cha kawaida cha BTU 12,000, ambacho huvuta umeme wa takriban kilowati moja kompresa inapofanya kazi, kinaweza kuzimaliza uniti hizo za siku nzima kabla ya saa sita ya usiku. Kwa hiyo kaya inayofunga kiyoyozi huwa, kwa vitendo, imehama kundi la D1, na hesabu zote zitakazofuata zinatumia bei ya T1.

Namna kompresa inavyosukuma gesi, na namna gesi hiyo inavyogeuka kimiminika na kurudi tena kuwa gesi, ni mambo yanayopatikana katika vitabu vya fizikia vya sekondari na hayatarudiwa hapa. Inatosha kukumbuka kwamba kiyoyozi hulihamisha joto kutoka chumbani na kulitupa nje, na kwamba mashine ya kawaida iliyo katika hali nzuri huhamisha takriban uniti tatu za joto kwa kila uniti moja ya umeme inayotumia. Jambo linalostahili kuangaliwa kwa utulivu ni lile linalotokea kwenye koili ya ndani, mahali ambapo hewa ya chumba hupita katikati ya mapezi membamba ya alumini yaliyopozwa hadi nyuzi 10 hivi, kwa kuwa hapo hewa hupoteza vitu viwili kwa wakati mmoja, yaani joto lake na maji yake, na kwa hewa inayopenya kutoka nje, kati ya hivyo viwili ni maji yanayogharimu zaidi.

Ili maji yawe mvuke, sharti yapewe nishati, na nishati hiyo haiyapandishi joto hata kidogo. Sufuria inayotokota jikoni hubaki kwenye nyuzi 100 hata moto ukiongezwa maradufu. Kinachoongezeka ni wingi wa mvuke unaotoka, wala si ukali wa joto la maji. Joseph Black, mwanasayansi wa Scotland aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Glasgow, ndiye aliyelitambua na kulipima jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 1760, akaonyesha kwamba ipo nishati inayoingia ndani ya maji ambayo kipimajoto hakiioni. Katika makala hii nishati hiyo inaitwa joto fiche. Jina la joto la mvukizo lingeweza kutumika, lakini lingetaja safari ya kwenda na kuisahau ya kurudi, ilhali kinachomgusa mlipaji wa umeme ni ile ya kurudi, ambayo huitwa mtonesho, yaani kitendo cha mvuke kugeuka tena kuwa matone. Neno mtonesho linastahili kuenea zaidi kuliko lilivyoenea sasa, maana limebeba tone ndani yake, na kila anayelisikia anajua mara moja kitu gani kitaonekana mwisho wa kazi.

Njia iliyo wazi zaidi ya kuielewa safari hiyo ni kuilinganisha na fedha za simu, ambazo Watanzania wamezitumia tangu mwaka 2008. Mtu aliye Kilwa akimkabidhi wakala shilingi 10,000, noti hubaki kwa wakala, na thamani yake huingia kwenye simu, ambayo haiongezeki uzito wala ukubwa. Anayeitazama simu hiyo mkononi mwa msafiri hawezi kujua kama ina salio au haina. Msafiri huyo akifika Mbagala na kutoa fedha kwa wakala mwingine, hupokea noti halisi, zilezile kwa thamani, ingawa hakuna noti iliyosafiri barabarani. Bahari ya Hindi ni wakala wa kwanza. Jua hukabidhi nishati kwenye uso wa bahari, maji hupanda kuwa mvuke na kubeba salio lake, na upepo wa kaskazi huusukuma mvuke huo hadi juu ya mabati ya Chamazi na Bunju bila kipimajoto chochote kutambua kiasi kilichobebwa. Mvuke unapoigusa koili ya kiyoyozi unakuwa umefika kwa wakala wa pili, na hapo salio lote hutolewa kwa mkupuo, bila makato ya njiani, kiasi kilekile kilichowekwa baharini. Wakala huyo wa pili ndiye mwenye mzigo, kwa sababu wakala asiye na floti ya kutosha hawezi kuwahudumia wateja wote walio kwenye foleni, na floti ya kiyoyozi ni uwezo wake wa kupoza, ule unaoandikwa kwa BTU na kulipiwa kwa uniti. Siku ambayo mvuke mwingi umefika kutoa salio lake, sehemu kubwa ya floti huishia hapo, na hewa yenyewe, ambayo mwenye nyumba anadhani ndiyo mteja pekee, husubiri zamu yake ya kupozwa.

Ukubwa wa salio hilo unahesabika. Kila lita moja ya maji iliyogeuka mvuke katika joto la pwani hubeba takriban kilojuli 2,430, sawa na uniti (kilowati-saa) 0.68 za nishati, na kwa kiyoyozi kinachohamisha uniti tatu za joto kwa uniti moja ya umeme, mtonesho wa lita hiyo hugharimu chini kidogo ya robo ya uniti, yaani shilingi 80 hivi kwa bei ya T1. Ndoo kubwa ya lita 20 iliyojaa maji ya kiyoyozi ni risiti ya shilingi 1,600 zilizotumika kuyatoa maji hewani, mbali na gharama ya kuipoza hewa yenyewe.

Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevuhewa wa asilimia 75, hali ya kawaida ya msimu wa joto jijini, hubeba gramu 23 hivi za maji katika kila mita ya ujazo, na hewa ya chumba kilichopozwa vizuri, chenye nyuzi 25 na unyevuhewa wa asilimia 55, hubeba gramu 13 hivi. Gramu 10 za tofauti zina joto fiche la kilojuli 24, ilhali kuishusha hewa ya mita hiyohiyo kutoka nyuzi 30 hadi 25 huhitaji kilojuli 6 tu. Maana yake ni kwamba kila pumzi ya hewa ya nje inayopenya chumbani humgharimu mwenye nyumba mara nne zaidi kwa unyevu wake kuliko kwa joto lake, na usiku uwiano huo huzidi kukua, kwa kuwa kipimajoto cha nje hushuka lakini mvuke hubaki karibu uleule. Mwezi Julai hewa ya jiji hubeba gramu 16 hivi. Tofauti na hewa ya chumbani inabaki gramu tatu, na floti iliyokuwa ikimezwa na maji inarudi kwenye kazi ya kupoza.

Historia ya chombo chenyewe inaunga mkono jambo hili kwa namna ya kupendeza. Mwaka 1902 mhandisi kijana wa Marekani, Willis Carrier, alipewa tatizo la kiwanda cha uchapaji cha Sackett-Wilhelms kilichokuwa Brooklyn, New York, ambako karatasi zilivimba na kusinyaa kadiri unyevu wa hewa ulivyobadilika, hata rangi zilizochapwa moja juu ya nyingine zikakosa kukaa mahali pake. Carrier aliipitisha hewa kwenye koili baridi ili adhibiti maji yaliyomo ndani yake, na ubaridi waliokuja kuupenda watu ulikuwa njia ya kufikia lengo hilo. Kiyoyozi kilizaliwa kikiwa mashine ya kukausha hewa, na katika pwani ya Afrika Mashariki kingali hivyo, hata kama kitufe kikubwa cha rimoti kinataja nyuzijoto peke yake.

Rimoti hiyo ndiyo chanzo cha matumizi mengi yasiyo ya lazima. Mwili wa binadamu hujipoza kwa jasho, na jasho hufanya kazi kwa joto fiche lilelile, kwa kuwa kila tone linalokauka juu ya ngozi huondoka na salio lake. Hewa iliyojaa mvuke hulizuia jasho kukauka, na mtu hujihisi amechemka ingawa chumba kina nyuzi 26. Mtu huyo hushusha rimoti hadi nyuzi 18 au 16, akilipia ubaridi ilhali alichohitaji ni ukavu. Kosa linalofanana na hilo hufanyika dukani, pale familia inaponunua kiyoyozi cha BTU 18,000 kwa chumba kidogo cha kulala kwa imani kwamba kikubwa ni bora. Kiyoyozi hicho hufikisha nyuzi zilizowekwa kwa dakika chache, kompresa huzima kabla koili haijatonesha maji ya kutosha, na kama ni cha aina ya kawaida, feni yake huendelea kupuliza juu ya mapezi yaliyolowa, hivyo sehemu ya maji ambayo yalikwisha kutoneshwa kwa gharama huvukizwa upya na kurudishwa chumbani. Chumba huwa baridi na chepechepe kwa wakati mmoja, shuka hunata mwilini, na mwenye nyumba hulaumu mashine. Kiyoyozi cha inveta, ambacho hupunguza mwendo wa kompresa badala ya kuizima, huliepuka tatizo hilo kwa kiasi kikubwa, na kitufe chenye alama ya tone la maji katika rimoti nyingi huiamuru mashine ya kawaida ikaushe hewa kwa mwendo wa polepole wa feni.

Hata hivyo, tofauti kubwa zaidi ya gharama inatokana na ukuta. Nyumba nyingi za viungani zilijengwa kwa matofali ya saruji, zikaezekwa bati, na kuachiwa matundu ya hewa juu ya madirisha yenye nondo na wavu wa mbu, na huo ulikuwa ujenzi wa busara kwa nyumba iliyotegemea upepo. Kiyoyozi kinapofungwa katika chumba hicho bila kuziba kitu, bahari inakuwa imeachiwa mlango wazi. Kwa chumba cha mita 4 kwa 3 chenye kimo cha mita 3, ikiwa hewa yote inabadilika mara moja kwa saa, unyevu unaoingia kwa usiku wa saa nane hufikia lita 2.9; ikibadilika mara tatu kwa saa, hufikia lita 8.6. Tofauti hiyo, kwa shilingi 80 kwa lita, ni takriban shilingi 460 kwa usiku na karibu 14,000 kwa mwezi, fedha zinazozidi bei ya uniti zote 75 ambazo kaya ya D1 huishi nazo mwezi mzima kwa shilingi 9,150. Vifuniko vya matundu, silikoni pembezoni mwa fremu za madirisha na mpira chini ya mlango hugharimu kidogo mbele ya hasara hiyo, na pangaboi ya wati 70, inayokula nusu uniti tu kwa usiku, humwezesha aliyelala kuridhika na nyuzi 27, kwa kuwa upepo wake hulisaidia jasho kukauka. Chumba kilichozibwa hivyo kisiwe na jiko la mkaa au la gesi, na kifunguliwe asubuhi.

Ndoo iliyowekwa chini ya mrija wa nje ni kipimo kinachotosha kwa kazi hii yote. Ikikusanya lita 8 au zaidi kwa usiku mmoja kutoka chumba cha watu wawili, wanaochangia kiasi cha nusu lita hivi kwa pumzi na jasho, tatizo liko kwenye matundu, madirisha na mlango. Ikibaki karibu kavu katikati ya Februari ilhali kompresa imenguruma usiku kucha, tatizo limehamia kwenye mashine yenyewe, ambayo huenda chujio lake limeziba kwa vumbi au gesi yake imevuja, na fundi anapaswa kuitwa kabla LUKU haijajazwa tena.