Shauri Lililokwisha Amuliwa na Shauri Lililoondolewa

Kati ya istilahi za sheria, chache humgusa mwananchi kama zile zinazohusu mwisho wa shauri. Tangu mwaka 2021, sheria ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, haja ya kuzitenga maana zake imezidi.

Msingi wake ni kifungu cha 9 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya mwaka 1966, kinachoizuia mahakama kusikiliza tena jambo ambalo limekwisha amuliwa. Ili kizuizi hicho kisimame, wadaawa sharti wawe wale wale, au waliorithi haki zao, nao wawe wanadai kwa hadhi ile ile. Jambo linalobishaniwa liwe lile lile. Mahakama ya kwanza iwe ilikuwa na mamlaka. Na uamuzi wake uwe wa mwisho. Kufanana kwa majina hakutoshi. Mkoani Tanga ipo kata ya Kwamsisi wilayani Handeni, na ipo Kwamsisi nyingine mjini Korogwe: jina moja, mahali pawili. Ndivyo yalivyo hata madai mawili ya kuachishwa kazi isivyo halali.

Tuchukue mfano wa kubuni. Karani wa serikali huko Kwamsisi ya Handeni ameachishwa kazi, akapeleka malalamiko moja kwa moja kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Lakini kifungu cha 32A cha Sheria ya Utumishi wa Umma, kilichoongezwa mwaka 2016, kilimtaka mtumishi wa umma amalize kwanza njia za nafuu zilizomo katika Sheria hiyo, rufaa zikiwamo, kabla ya kuziendea sheria za kazi. Malalamiko yanaondolewa kwa kukosekana mamlaka. Mfasiri anaandika kwamba "yametupiliwa mbali". Karani akisoma hivyo atadhani mlango umefungwa, na huenda muda wa rufaa ukampita akiwa nyumbani. Kumbe kiini cha dai lake hakijaguswa.

Tofauti hiyo si ya leo. Mwaka 1959 Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki, katika shauri la Chama cha Ushirika cha Ngoni-Matengo dhidi ya Alimahomed Osman, ilieleza kuwa rufaa isiyofunguliwa ipasavyo huondolewa, wala haitupwi.

Kwa hiyo tunapendekeza matumizi haya:

Kuondolewa: shauri kutolewa mahakamani kwa kasoro, bila kiini chake kuamuliwa. Mdai aweza kurudi akirekebisha kasoro, muda ukiruhusu.

Kutupiliwa mbali: shauri kukataliwa kwa uamuzi unaolimaliza. Asiyeridhika hutafuta haki ngazi ya juu, hafungui shauri jingine.

Kukata rufaa: kuupeleka uamuzi ngazi ya juu. Kusichanganywe na "kufungua shauri upya".

Mfasiri na aisome kwanza amri yenyewe, aulize: je, kiini kimeamuliwa? Jibu ndilo litakalomchagulia neno.