Mahali pa Kusimama Unapopiga Picha

Watu wengi hudhani ya kuwa uzuri wa picha hutokana na bei ya kamera. Sivyo. Jambo la kwanza ni mahali anaposimama mpiga picha. Maana picha ni kama ushahidi, na mtu asiyekuwapo huamini aonyeshwalo.

Twaa mfano wa Mlima Kilimanjaro, wenye urefu wa mita 5,895, ukitazamwa kutoka Amboseli, umbali wa kilomita 40 na zaidi. Tuseme mbele yako pana mgunga wa mita 6. Ukisimama mita 10 kutoka kwenye mgunga huo, utaonekana mrefu karibu mara sita kuliko mlima. Ukirudi nyuma hata mita 60 hivi, mti na mlima vitalingana. Ukifika mita 120, mti utakuwa nusu ya mlima. Mlima haukubadilika, kwani hatua mia si kitu kwa jambo lililo mbali vile. Ni mti uliopungua. Lenzi ya kuvuta mbali hukuza vyote pamoja, wala haibadili ulinganifu huo. Miguu ndiyo ibadiliyo.

Mjini ni vivyo hivyo. Katika vichochoro vya Mji wa Kale wa Mombasa, ukielekeza kamera juu ili upate roshani, kuta zitaonekana kama zaangukiana. Afadhali urudi nyuma, au uombe ruhusa ya kupanda ghorofa ya nyumba inayokabili, kisha ushike kamera pasipo kuiinamisha. Mwaka 1932 Mfaransa Henri Cartier-Bresson alipenyeza lenzi katika upenyo wa ua, nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare mjini Paris, akampata mtu hewani akiruka maji yaliyotuama.

Lakini yafaa kujihadhari. Watu 50 wakipigwa picha kwa karibu, kamera ikiwa chini, huonekana umati mkubwa. Kutoka ghorofani, nafasi zilizo wazi hudhihirika. Mama auzaye mboga ameketi chini, akipigwa picha na mtu aliyesimama, huonekana mnyonge. Ukichutama hata kamera ilingane na macho yake, ataonekana mwenye kazi yake na heshima yake. Naye ni mtu yule yule. Basi mwamkie kwanza, umwombe ruhusa, ndipo uchague pa kusimama.

Nawe msomaji, kila uonapo picha gazetini, jiulize: Aliyeipiga alisimama wapi?