HADUBINI HUONA KABLA YA MAUMIVU

Wafanyakazi wenzetu,

Saratani ya mlango wa kizazi haiji kwa siku moja. Virusi vya HPV huharibu chembe za mwili polepole, mara nyingi kwa miaka 10 na zaidi, bila maumivu. Mpimaji hapa Kigali, akitazama kipande kidogo cha nyama ya mlango huo kwa hadubini, huona viini vya chembe vimekua kupita kiasi na mpangilio umevurugika. Yakionekana mapema, mabadiliko hayo hutibika.

Rwanda ilianza kuwachanja wasichana mwaka 2011. Akina mama wengi wa viwandani na mashamba ya chai walikwisha kupita umri huo. Ngao yao ni kupimwa. Basi tudai siku ya kupimwa, na ya kufuata majibu, isikatwe mshahara.