Cheti hiki ni cha nani?

Jumamosi moja mama mmoja wa Mwakingali, hapa Voi, alinijia na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na mchoro wa jengo la ghorofa tatu la kupangisha, BQ, yaani hesabu ya vifaa na gharama, niliyomfanyia mwenyewe mwezi uliotangulia, na fotokopi ya cheti cha NCA ambayo mtu wa kumjengea alikuwa amemwachia ili moyo wake utulie.

"Mwanangu, niangalizie," akasema. "Hii namba nane si ndiyo kubwa?"

Nilitaka kucheka, nikajizuia, kwa sababu si yeye peke yake. Wengi wetu tumezoea kwamba nane ni zaidi ya moja. Katika daftari la Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, ile tunayoiita NCA, ngazi imegeuzwa kichwa chini: nane ndiyo ya chini kabisa na moja ndiyo ya juu. Kwa kazi za majengo, NCA 8 haruhusiwi kuchukua mkataba unaozidi shilingi milioni 10. NCA 7 anaishia milioni 20, NCA 6 milioni 50, NCA 5 milioni 100, NCA 4 milioni 200, NCA 3 milioni 300 na NCA 2 milioni 500. NCA 1 hana kikomo. Na kiwango hicho ni cha mkataba mmoja, si cha kazi zote anazofanya mwaka mzima.

BQ ya mama ilikuwa imefika milioni 27. Alihitaji NCA 6 au wa juu yake. Mwenye cheti hicho cha NCA 8 angestahili kujenga zaidi kidogo ya theluthi ya jengo hilo, na hata hiyo nina shaka, maana nilipokisoma cheti vizuri niliona kampuni imesajiliwa kwa kazi za maji. Hili watu hulipita bila kuliona. Usajili una ngazi, na una aina pia: majengo, barabara, maji, umeme, mitambo. Kampuni inaweza kuwa hodari wa kulaza mabomba kutoka Mzima hadi Mombasa na bado isiwe na ruhusa ya kukumwagia slabu. Pembeni kulikuwa na tarehe, nayo ilikuwa imepita. Leseni huhuishwa kila mwaka.

Kabla ya utaratibu huu, wakandarasi walisajiliwa na wizara ya ujenzi kwa herufi, A hadi H, na kwa mwenye ploti wa kawaida herufi hizo zilikuwa habari za watu wa tenda za serikali. Kisha ikaja Sheria Namba 41 ya mwaka 2011, iliyoiunda NCA. Sheria hiyo inasema hakuna atakayefanya biashara ya ukandarasi bila kusajiliwa, na atakayepatikana na hatia anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni moja, kufungwa hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Ili kampuni isajiliwe, angalau mkurugenzi wake mmoja lazima awe na elimu ya ufundi na uzoefu katika aina ya kazi inayoombwa.

Hapo kwenye huyo mkurugenzi ndipo penye uzito wa jambo zima. Cheti si sifa ya ufundi. Nimeona kampuni zenye cheti safi zikijenga ukuta uliopinda, na nimeona fundi asiye na karatasi akipiga plasta ukadhani kioo. Kazi ya cheti ni kuifunga nyumba na jina la mtu anayeweza kutafutwa, akapatikana, akaulizwa.

Ndiyo maana ugonjwa unaonitisha zaidi ni cheti cha kuazima kuliko kukosa cheti. Inakwenda hivi. Fundi anapata kazi kubwa kuliko karatasi zake. Anamwendea mwenye kampuni Mombasa au Nairobi, wanaelewana bei, naye anapewa fotokopi. Kampuni haitii mguu saiti. Kupeana kazi waziwazi ni jambo jingine na sheria inalijua. Hata mkandarasi wa kigeni hutakiwa kuahidi kwamba si chini ya asilimia 30 ya thamani ya kazi atawapa wakandarasi wa hapa. Lakini huko majina yote yameandikwa. Katika kuazimana, jina limetundikwa mlangoni na mwenyewe hayumo ndani.

Nilimwomba mama anipeleke kwenye jengo jingine la fundi aliyemwachia fotokopi ile, upande wa Sofia. Nguzo za chini zilikuwa zimefunguliwa mbao. Kwenye maungio zege halikuwa limeshikana, kokoto zimetokeza kama karanga kwenye kashata, na katikati ya mashimo hayo chuma kilikuwa kinaonekana. Nilipima nafasi ya ringi kwa mkono: kutoka kiwiko hadi kifundo cha mkono, palipoandikwa sentimita 20 kwenye mchoro. Hapakuwa na kibao cha mradi getini, kile kinachopaswa kutaja mwenye jengo, mkandarasi, msanifu na injinia. Kijana aliyekuwa akichanganya simiti nilimwuliza injinia huja lini. Akaniuliza, "Injinia yupi?"

Kwa haki, lazima niseme na ya upande wa fundi. NCA husajili pia mafundi stadi na wasimamizi wa saiti, mmoja mmoja, kwa majina yao wenyewe. Fundi mwenye kitambulisho chake halali ni mtu wa kuheshimiwa kuliko aliyeficha uso nyuma ya kampuni ya mwingine. Chuo cha Coast Institute of Technology kiko papa hapa Voi, na anayetaka kupanda ngazi hana haja ya kuhamia Mombasa kutafuta darasa. Ila ada, makaratasi na siku zisizo na kibarua humchosha mtu anayelipwa kwa siku, naye huona fotokopi ya kukodi ni njia ya mkato. Namwelewa. Simtetei.

Mwenye ploti naye asidhani mzigo wote ni wa mkandarasi. Mradi wenyewe husajiliwa NCA. Kibali cha kujenga ni cha kaunti, chini ya sheria ya mipango ya ardhi ya 2019: ukianza bila hicho, faini inaweza kufika shilingi 500,000 au kifungo cha miezi miwili, au vyote, na ukikaa siku 60 bila jibu la maandishi, sheria inahesabu kwamba umekubaliwa. Mtu wa umeme awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati. Hayo yana foleni zake na sitayafungua leo.

Nilimwambia mama atandaze mezani karatasi zake zote tutafute jina moja tu. Cheti kilikuwa na jina la kampuni. Mkataba ulikuwa na karatasi ya kampuni juu na sahihi ya fundi chini. Pesa za kuanzia alikuwa ametuma kwa M-Pesa, kwa jina la mke wa fundi. Namba ya ofisi ilikuwa kwenye cheti, tukapiga. Aliyepokea alikuwa mstaarabu sana. "Voi?" akasema. "Mama, sisi hatuna kazi yoyote Voi."

Pesa za kuanzia alirudishiwa nusu, baada ya wazee kukaa. Sasa anajengewa na kampuni ya NCA 6, na bei imepanda. Ghorofa ya tatu ameiahirisha. Vyuma vya nguzo vimechungulia juu ya slabu, vimepakwa uji wa simiti visishike kutu.