Rili za Kuvulia Ufukweni: Ipi Huishinda Chumvi?

Pengine mtashangaa kuona mwanafunzi wa Kihesa, huku kwenye baridi, akiandika habari za uvuvi wa baharini. Sababu yake ni kosa langu mwenyewe.

Likizo ya Juni nilikwenda kwa mjomba wangu, Kilwa Masoko. Yeye huvua kolekole akiwa amesimama ufukweni, kwa rili aliyoachiwa na mgeni. Samaki wa rili hiyo ndio walioninunulia godoro ninalolalia bwenini. Siku moja alinipa ufito niushike. Nikaulaza mchangani, nikakimbilia mpira. Wimbi likaifunika rili. Niliipangusa kwa nje tu, nikanyamaza. Baada ya juma moja haikuzunguka tena. Mjomba alidhani imechakaa, akanipa nije nayo Iringa kutafuta fundi.

Fundi baiskeli mmoja hapa Kihesa aliifungua. Grisi ilikuwa imegeuka kama uji mweupe, na gololi za beringi zimeliwa na kutu.

Rili ya namna hii ina kibiringo mfano wa kile cha uzi wa cherehani. Unaporusha chambo kibiringo hakizunguki. Mshipi huchomoka wenyewe kwa mbele, basi huenda mbali. Mwingereza Alfred Illingworth alipata hataza ya rili kama hiyo mwaka 1905. Lakini unapovuta, waya huzunguka kukikunjia mshipi kibiringo, na kazi yote hufanywa na meno na beringi zilizo ndani. Maji ya chumvi yakifika huko, kwisha.

Kwa hiyo rili za bei kubwa hushindana hasa katika kuyazuia maji. Shimano Stella SW, ambayo bei yake hupita dola 1,000, ni laini mno kuzungusha. (Fundi alicheka kusikia jina hilo, kwani kampuni hiyo ilianza Japani mwaka 1921 kwa kutengeneza friwili za baiskeli.) Daiwa Saltiga huziba kwa mafuta yanayoshikwa na sumaku, ufundi uliotokana na utafiti wa NASA wa miaka ya 1960. Ni ajabu, ila beringi zake hizo hazitaki kutiwa mafuta ya kawaida, kwani huharibu kizibo. Kilwa nani atazitengeneza?

Van Staal imezibwa kwa mipira pande zote, hata ikizama haidhuriki upesi. Hiyo ni ya mtu anayesimama kwenye miamba, maji kiunoni. Ubaya wake, mipira hiyo huifanya iwe nzito kidogo kuzungusha. Penn Slammer IV huhimili maji yanayorushwa kwa nguvu, si kuzamishwa, na bei yake haifiki nusu ya Stella. Mjomba husimama mchangani, maji yakimfika vifundoni. Kwake yeye ningechagua hiyo.

Hata hivyo zote huoshwa kwa maji baridi kila jioni, polepole, si kwa mpira wa maji wenye nguvu, kwa maana huisukuma chumvi ndani.

Fundi amebadili beringi mbili kwa fedha yangu ya matumizi, na rili inazunguka, ingawa inakwaruza. Nakala ya gazeti hili nitampelekea mjomba pamoja nayo, kwa kuwa habari ya wimbi lile bado sijamwambia.