Bandari za Paulo na Meli ya Anasa

Kamata Biblia yako ufungue kurasa za mwisho, pale penye ramani. Bahari iko katikati, miji iko pembeni, na mistari inaonyesha safari za mtume Paulo. Watoto wetu wanaifuata kwa kidole: Antiokia, Kipro, Efeso, Korintho, Malta, Roma. Siku hizi kuna watu wanaoufuata mstari huo kwa mwili. Lakini hawatembei kwa miguu, wala hawalali juu ya magunia ya ngano. Wanalipa.

Wanalipa dola elfu mbili, elfu tatu, na anayetaka chumba kikubwa chenye baraza yake analipa zaidi sana. Wanaingia katika meli yenye vitanda safi, mabwawa ya kuogelea, daktari, muziki, na meza za chakula zinazowekwa tangu asubuhi mpaka usiku. Meli kubwa kabisa za namna hiyo hubeba wasafiri kupita 5,000, pamoja na wafanyakazi kupita 1,500. Ni kusema mji mzima juu ya maji. Usiku wakilala, meli inakwenda. Asubuhi wakifungua pazia, wako katika bandari nyingine. Basi inangoja, mwongozaji anainua kibendera, wanamfuata kama darasa la kwanza, na jioni sherti wote wawe wamerudi. Mtu akichelewa, meli inaweza kumwacha.

Tusiwacheke. Kati yao wako wazee waliokusanya feza miaka mingi kusudi waone kwa macho majina waliyoyasikia tangu utoto. Makanisa mengine ya Ulaya na Marekani yanasafiri pamoja na mchungaji wao, wakisoma Matendo ya Mitume asubuhi kabla ya kushuka. Hilo ni jambo zuri. Lakini angalia saa. Paulo alikaa Korintho mwaka mmoja na nusu, Efeso karibu miaka mitatu, na Roma miaka miwili katika nyumba aliyoipanga mwenyewe. Msafiri wa meli anapata Efeso kwa saa tatu ao nne, pamoja na kununua zawadi.

Tena meli haifiki Efeso. Bahari ilikwisha kuondoka. Mto uliokuwa ukiingia katika bandari ya zamani ulileta udongo na matope, karne baada ya karne, mpaka maji yakakimbia kilomita kadhaa. Leo meli inasimama Kusadasi, katika inchi ya Uturuki, na basi inachukua watu mpaka kwenye magofu. Kila mmoja anapiga picha mbele ya maktaba ya Celsus yenye nguzo nzuri, akifikiri Paulo alipita pale. Hapana. Maktaba ile ilijengwa mwanzo wa karne ya pili, Paulo amekwisha kufa. Ile anayopaswa kuangalia vizuri ni uwanja wa michezo wa mawe, wenye nafasi ya watu karibu 25,000. Ndani yake watu wa Efeso walipiga kelele saa mbili nzima juu ya mungu wao Artemi. Na ni nani aliyeanzisha ile fujo? Demetrio, fundi wa feza. Mafundi waliogopa kwamba soko la vihekalu vyao litakufa. Sisi watu wa migodi tunaelewa upesi: bei ikianguka, hata dini inaingizwa katika mambo ya mfuko.

Patmo ni kisiwa kidogo cha Ugiriki. Meli kubwa zinabaki mbali kidogo, na watu wanaletwa inchi kavu kwa mashua ndogo. Juu ya kilima kuna nyumba ya watawa ya Mtakatifu Yohana, iliyoanzishwa mwaka 1088, na chini yake kuna pango ambamo, kwa desturi ya pale, Yohana aliona maono ya Ufunuo. Nafasi ni ndogo, mwanga ni kidogo. Hapo, hata wale wenye kelele wananyamaza. Haifa na Ashdodi, bandari za kwenda Yerusalema, makampuni mengi yaliziondoa katika safari zao tangu vita ya Oktoba 2023.

Sasa tufike Kipro, na hapa nataka tukae. Meli inasimama Limassol, na kutoka pale basi inakwenda Pafo, mji ambapo Paulo na Barnaba walisimama mbele ya liwali Sergio Paulo. Barnaba mwenyewe alikuwa mwana wa kisiwa hicho. Wageni wanaonyeshwa sakafu za mawe ya rangi, wanakula samaki, wanarudi. Wachache wanaambiwa kwamba kisiwa kile ni ndugu ya Katanga.

Waroma waliita shaba kwa jina la kisiwa hicho: chuma cha Kipro. Jina likafupishwa kuwa cuprum, na kutoka hapo Wafaransa wakapata cuivre. Kwa hiyo kila mara mtoto wako anaposema cuivre shuleni, anataja kisiwa cha Barnaba bila kujua. Mwaka 12 mbele ya Kristo, Kaisari Augusto alimpa Herode Mkubwa nusu ya faida ya migodi ya shaba ya Kipro. Ni Herode yule yule tunayemsoma wakati wa Noeli, na ni yeye aliyejenga bandari ya Kaisaria, ambapo Paulo alipandishwa katika mashua akiwa mfungwa kwenda Roma. Migodi, wafalme na bandari vilikuwa kitu kimoja tangu zamani.

Katika milima ya Kipro kuna mahali panapoitwa Skouriotissa. Jina linatoka katika neno la Kigiriki la takataka za shaba iliyoyeyushwa. Vilima vyeusi vya takataka hizo vingali pale, vya tangu wakati wa Waroma na mbele yao. Wewe unayekaa Lubumbashi, unayeona kila siku ule mlima mweusi karibu na bomba refu, huhitaji mwongozaji akuelezee.

Kuna jambo lingine. Mwaka 1982, mzamiaji mmoja wa Uturuki aliyekuwa akitafuta sponji aliona chini ya bahari, karibu na Uluburun, vipande vya chuma vyenye kama masikio. Ilikuwa mashua iliyozama miaka kama 1,300 mbele ya Kristo. Ndani yake waliondoa shaba karibu tani 10, nyingi ikiwa imeyeyushwa kwa umbo la ngozi ya ng'ombe, yenye pembe nne kusudi iwe rahisi kuibeba. Leo vitu vile viko katika jumba la makumbusho la Bodrum, ambapo meli za wageni zinafika pia. Nilipoona picha yake, nilikumbuka misalaba ya shaba ya mababu zetu, ile yenye mikono minne, iliyotumiwa kama mali na kuzikwa pamoja na wafu katika makaburi ya Upemba. Hawakujuana hata kidogo, lakini mikono ya watu wa mukuba ilipata umbo karibu sawasawa.

Na kuna migodi isiyoandikwa katika karatasi ya safari. Phaeno, katika inchi ambayo leo ni Yordani, iko mbali na bandari hizi. Eusebio, askofu wa Kaisaria, aliandika juu ya mateso yaliyoanza mwaka 303. Wakristo wengi wa Misri na Palestina walihukumiwa kuchimba shaba kule. Mbele ya kutumwa walichomwa mshipa wa mguu wa kushoto na kuondolewa jicho la kuume. Wachimbaji wale walikutana kwa ibada palepale migodini. Kama nikiulizwa ni wapi kati ya mahali pote pa zamani ningetaka kusimama dakika kumi, ningejibu pale.

Turudi melini. Mashua iliyombeba Paulo kwenda Roma ilikuwa na watu 276 na shehena ya ngano. Zoruba ilipoizidi, baharia walitaka kushusha mtumbwi kwa siri na kutoroka, wakisema wanatupa nanga. Paulo aliwaona, akawaambia askari, na kamba za mtumbwi zikakatwa. Mashua ilivunjika Malta, lakini hakuna hata mtu mmoja aliyekufa. Tarehe 13 Januari 2012, meli ya anasa Costa Concordia iliondoka Civitavecchia, bandari ya Roma, ikiwa na watu zaidi ya 4,200, ikagonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio. Watu 32 walikufa. Kapiteni aliondoka melini wakati watu wangali ndani, na mwaka 2015 alihukumiwa miaka 16 ya kifungo.

Wengi katika zile siku hawataji wale wa chini: wapishi, wafua nguo, wasafisha vyumba, watu wa masini. Wengi wanatoka Filipino, Indonesia na India. Mkataba wao mara nyingi ni wa miezi sita mpaka tisa, kazi siku saba kwa juma. Bandari takatifu wanaiona kwa tundu la dirisha, kama wanaiona. Sheria ya kazi za bahari, iliyopitishwa Geneva mwaka 2006 na kuanza kazi mwaka 2013, inadai wapewe mapumziko yasiyopungua saa 10 kwa siku na 77 kwa juma. Ukifanya hesabu, bado juma linabaki na saa 91.

Nasema hivi juu ya vijana wetu. Wako watu wanaotuma katika simu picha ya meli nyeupe, wakiahidi kazi ya dola nyingi, kiisha wanaomba feza ya kuandika jina, feza ya viza, feza ya mafundisho. Baba anauza baiskeli, mama anakopa katika likelemba. Shikeni hili: sheria ile ile inakataza kumlipisha baharia feza ya kutafutiwa kazi. Yeye anaweza kulipa pasaporti yake, cheti cha daktari na kitabu cha baharia. Viza ni juu ya mwenye meli. Mtu akikuomba kitu kingine mbele ya mkataba, mwombe kwanza jina la kampuni na la meli, umpelekee mtu anayejua kusoma makaratasi, hata kama anasema nafasi inafungwa kesho asubuhi.